Koti Linaloogopwa na Nyani wa Mkongani

Jogoo wa kwanza wamekwisha kuwika, wa pili bado. Katika kibanda cha makuti kando ya shamba la mahindi huko Mkongani, Kache, msichana wa miaka kumi na minne, anamfunga mwenzake vifungo vya koti la kiume.

Koti ni la kaki, zito, limepauka mabegani. Jemima, anayevishwa, ana miaka kumi na mitatu, na koti linamfika chini ya magoti. Kache anamkunjia mikono ya koti mara mbili, anamkaza kamba ya suruali kiunoni, kisha anamvika kofia pana inayomeza masikio. Leso aliyokuwa amejifunga Jemima inafichwa chini ya gunia.

"Kohoa," Kache anamwambia.

Jemima anakohoa.

"Hicho ni kikohozi cha mtoto mwenye mafua. Kohoa kama mtu aliyeamka akakuta hakuna chai."

Jemima anakohoa tena, safari hii kutoka kifuani. Kache anaridhika. Nje, mwenye shamba, Mzee Athmani, anasubiri amefumbata mikono. Leo ndiyo siku aliyowapa. Mahindi yakiguswa leo, wasichana hawa hawana kazi tena, na Kache hana karo ya mwaka ujao.

Kazi yao ni kufukuza nyani.

Mkulima yeyote wa Mkongani atakwambia mambo mawili kuhusu nyani wanaoshuka kutoka msitu wa Shimba. La kwanza, nyani hali hindi moja akashiba akaenda zake. Huvunja kumi, huonja mawili, mengine huyatupa. La pili, nyani hamwogopi mwanamke. Humtambua kwa mbali kwa leso yake na mwendo wake, akaendelea kula. Wapo wanawake waliopiga kelele mpaka sauti ikakauka, na nyani amekaa juu ya tuta anawatazama kama mtu aliye barazani kwake.

Kwa hiyo wanawake wengi wa hapa huvaa nguo za waume zao mahindi yanapoanza kubeba. Ni jambo la zamani, wala halimshangazi mtu. Jipya ni kwamba Kache ameligeuza kuwa kazi ya mshahara.

Hakuwa na njia nyingine. Mwishoni mwa mwaka jana, mama yake alimwita jikoni akamwambia ukweli bila kuuzungusha. "Darasa la sita nitakulipia. Baada ya hapo nina karo ya mtoto mmoja, na kaka yako ndiye aliye mbele. Yako ya darasa la saba itafute. Ukiipata utasoma. Usipoipata, jembe lile pale."

Maneno hayo ni makali, lakini mama huyo hakudanganya. Nyumba nyingi za Kwale zimeyasema, na anayetajwa wa pili karibu kila mara ni msichana.

Ni mwaka wa nne sasa tangu Uhuru, na vijana wa hapa husikia kila siku kwamba kazi ziko Mombasa, kazi ziko katika hoteli zinazojengwa Diani. Ziko, lakini haziko kwa mtoto wa miaka kumi na minne. Mvulana wa umri huo angalau ataangua nazi, au atachunga ng'ombe wa watu. Msichana atapewa mtoto wa kubeba mgongoni, na malipo yake yatakuwa sahani ya ugali.

Kache alibeba mtoto wa watu miezi miwili, akaacha. "Nilikuwa nashiba," anasema, "lakini shibe hailipi karo."

Kazi ilimjia kwa mguu uliovunjika, na mguu haukuwa wake. Mjomba wake, Chome, ndugu ya mama yake, alikuwa mlinzi wa ghala huko Mackinnon Road kwa miaka mingi. Alipostaafu alirudi nyumbani na koti lake la kazi, akawa analinda mahindi ya Mzee Athmani. Mwezi wa Aprili alianguka kutoka kwenye dungu, lile jukwaa la miti analokaa mlinzi juu yake.

"Nyani hawakukimbia," Mjomba Chome anasimulia, mguu umenyooshwa kitandani. "Walikuja karibu wakanitazama, wamenyamaza kama watu waliokuja matangani. Mmoja mkubwa alikaa kabisa. Nikamwambia, bwana, bado sijafa."

Siku iliyofuata Kache alikwenda kwa Mzee Athmani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mjomba wako aendeleaje?"

"Anaendelea vyema. Nimekuja kushika kazi yake."

"Wewe? Nyani ndio watakaokushika."

"Nipe siku tatu, mzee. Mahindi yakipungua usinilipe."

Mahindi hayakupungua. Koti la mjomba lilikuwa kubwa kwake, lakini nyani hawajui vipimo vya fundi cherehani. Mzee Athmani akakubali, na jirani yake, ambaye shamba lake linapakana na hilo, naye akaingia. Kwa pamoja walikubali kutoa shilingi thelathini na sita kwa mwezi mpaka mavuno.

Hapo ndipo tatizo lilipoanza. Nyani hushuka jua linapochomoza, na hurudi jioni, na katikati ya siku hawako mbali. Ulinzi ni kutwa nzima. Shule nayo ni kutwa nzima. Kache, aliye darasa la sita, alikosa wiki tatu. Mwalimu akatuma ujumbe kwamba kiti kikikaa wazi zaidi ya hapo kitapewa mtu mwingine.

"Nilikuwa natafuta karo ya shule nisiyokwenda," anasema.

Aliyemwonyesha njia ni Mishi, jirani yake wa miaka kumi na mitano, ambaye aliacha shule baada ya darasa la nne. Jioni moja Mishi alilichukua koti kwa mzaha, akalivaa, akaenda kuokota kuni ukingoni mwa msitu, akijivuna na kujiita Bwana Mkubwa. Nyani waliokuwa pale wakatawanyika.

Kache aliona kwa macho yake. "Nilidhani wananiogopa mimi. Kumbe mimi si kitu. Wanaogopa koti."

Ikiwa nyani wanaogopa koti, basi aliye ndani yake anaweza kuwa yeyote. Ndivyo mpango ulivyozaliwa. Kache hulinda tangu alfajiri mpaka wakati wa kukimbilia shule. Mishi hupokea mpaka mchana. Jemima, ambaye darasa lake la nne hutoka mapema, huingia Mishi anapochoka. Kache akitoka shule hulivaa tena mpaka jua lizame. Fedha hugawanywa sawa. Kwa Kache, miezi mitano ya msimu inalipa karo ya mwaka mzima na haibakizi senti. Mishi anaweka yake ili ajifunze cherehani kwa fundi mmoja mjini Kwale. Jemima anampa bibi yake, naye bibi humrudishia kidogo cha daftari.

Lipo sharti moja. Koti halibadilishwi hadharani. Kundi hili lina nyani mmoja mwenye sikio lililoraruka, ambaye hukaa juu ya mkwaju na kutazama kila anayeingia na kutoka. Wasichana wamempa jina la Karani. Kwa hiyo kupokezana ni ndani ya kibanda tu. Anaingia msichana mwenye leso, anatoka mwanamume mwenye koti, na Karani hana la kuripoti.

Wiki iliyopita sharti lilivunjwa. Jua lilikuwa kali, kibanda kilikuwa cha moto kama chungu, na Mishi alikuwa na haraka. Alilivua koti katikati ya matuta akamrushia Jemima. Karani alikuwa juu ya mkwaju.

"Niliona anainamisha kichwa," Jemima anasema. "Kama mtu anayesoma ilani."

Nyani walishuka muda si mrefu. Jemima alisimama na koti lake, nao wakazidi kuja. Dume likapiga miayo na kuonyesha meno. Jemima akakimbia, kofia huku, yeye kule. Matuta mawili ya mahindi ya Mzee Athmani yalilala chini.

Mzee Athmani hakupiga kelele, jambo lililowatia hofu zaidi. Aliokota hindi moja lililoumwa, akaligeuza mkononi.

"Wanangu, nyani wamekwisha kuwajua. Nitatafuta mwanamume."

"Mwanamume atakula na yeye, mzee," Kache alisema.

"Angalau atakula yaliyopikwa."

Kache alimwomba wiki moja. Waliokota yaliyovunjika, wakang'oa mabua yaliyolala, wakapanda kunde mahali pake, bila kuambiwa. Mzee aliwaona, akawapa hiyo wiki. Siku ya mwisho, alisema, atakuja mwenyewe kutazama, na anayelinda awe huyo huyo aliyekimbia.

Kache alikwenda moja kwa moja kwa mjomba wake. "Mjomba, koti limekufa."

"Koti halifi," Mjomba Chome alimjibu. "Alikimbia?"

"Alikimbia."

"Basi nyani hawakuona koti. Waliona mgongo. Mleteni hapa."

Kwa siku tano ua wa nyumba ya mjomba uligeuka kiwanja cha gwaride. Mjomba alitoa amri akiwa juu ya kitanda kilichowekwa mlangoni, fimbo mkononi. Jemima alitembea kutoka jikoni mpaka zizini na kurudi, mikono nyuma, hatua ndefu. Mishi, ambaye kosa lilikuwa lake, alifanywa nyani.

"Polepole," mjomba alisema. "Wewe ni mwenye mali. Mwenye mali anakwenda wapi mbio? Usimtazame usoni kama unamwomba kitu. Nenda pale alipo. Akipiga miayo, mwache, ana usingizi. Tena wewe, Mishi, acha kucheka. Ni nyani gani anacheka?"

"Wa Mkongani wanacheka, mjomba. Walikucheka wewe."

"Walinitazama tu. Kuna tofauti."

Walijifunza na kombeo pia, mpaka Jemima akawa analipiga shina jembamba la mpapai pale anapotaka. Lakini somo la mwisho la mjomba halikuwa la jiwe. Alimwambia hivi: ukishawaondoa usirudi nyuma upesi. Simama pale pale walipokuwa. Ukigeuza mgongo mapema, umewapa ruhusa ya kurudi.

Na sasa jua linachomoza, na Jemima anatoka kibandani.

Karani yuko juu ya mkwaju. Anabweka mara moja. Ukingoni mwa msitu majani yanatikisika, na kundi linaanza kuingia, dume mbele, mama na watoto nyuma. Jemima anakohoa. Anaweka mikono nyuma, anatembea kati ya matuta kama mwenye mali. Kibandani, Kache ameweka jicho kwenye ufa wa makuti, kidole kiko mdomoni, na Mzee Athmani, aliyeingia ili nyani wasimwone, yuko kando yake.

Dume linapiga miayo. Jemima anasimama.

"Amesimama," Mzee Athmani anasema kwa sauti ya chini.

"Anapumua, mzee. Mpe nafasi."

Kofia inainuka kidogo. Kikohozi kinasikika tena, kizito, cha mtu aliyenyimwa chai. Jemima anakwenda moja kwa moja kwa dume, bila haraka, na akiwa anakwenda anatia jiwe kwenye kombeo. Linazunguka, linavuma, linagonga shina la mkwaju kwa kishindo. Karani anateremka kama nazi. Dume linageuka. Kundi zima linarudi msituni, watoto wakining'inia tumboni mwa mama zao, na hakuna bua hata moja lililoguswa.

Jemima anafika pale walipokuwa, anasimama. Anasimama muda mrefu sana, mpaka Mishi, aliyejificha nyuma ya kibanda, ananong'ona kwamba huenda amelala.

Mzee Athmani anafumbua mikono.

"Nani amemfundisha kutembea vile?"

"Mjomba, mzee."

"Chome mwenyewe hajawahi kutembea vile." Anageuka aondoke, kisha anakumbuka. "Endeleeni mpaka tuvune. Na shemeji yangu Alfani, ng'ambo ya bonde, ataka walinzi msimu ujao."

"Mwambie atafute koti," Kache anasema. "Sisi tunalo moja."

Lakini moja halitabaki moja. Mjomba Chome amekwisha kutuma salamu kwa wenzake wa Mackinnon Road, kwamba mlinzi yeyote anayestaafu asilitupe koti lake. Kache amewateua wasichana watatu wa ng'ambo ya bonde, na mwezi wa Agosti shule zikifungwa wataanza gwaride kwenye ua ule ule. Msimu ujao mwenyewe hatakuwa kazini. Mwaka ujao ni darasa la saba, na mwisho wake kuna mtihani.

"Koti namwachia Jemima," anasema akivaa sare yake ya shule. "Mimi nataka kuwa bwana shamba."

Mzee Athmani, ambaye bado hajafika mbali, anacheka. "Bwana shamba ni mwanamume, mwanangu."

"Hata mlinzi wa nyani alikuwa mwanamume, mzee."

Kache anaokota madaftari yake, anashika njia ya shule, mbio kidogo kwa sababu kengele haimngoji mtu. Njia inapita ukingoni mwa msitu. Karani amekwisha kukaa juu ya mti mwingine, sikio lake lililoraruka linaonekana wazi kwenye mwanga wa asubuhi. Anamtazama akija, anamtazama akipita chini yake kabisa, wala hashtuki. Kwake yeye, huyu ni msichana tu anayekwenda shule.