Meno ya Baba Hayakuwa Yameoza

Baba alikuwaga anaita ng'ombe kwa mluzi. Jioni, huko kwetu Mugeta, alisimama langoni akapiga mmoja tu, mrefu, na kundi zima likageuka kurudi. Majirani walimwiga, ng'ombe wetu hawakuwajali.

Kisha fizi zake zikaanza kutoa damu. Hakumwambia mtu. Siku niliyotoka Musoma kwenda kumsalimia, nilimkuta anapukuchua hindi la kuchemsha kwa kisu, yeye aliyezoea kuling'ata. Meno manne ya mbele yalikuwa yanacheza. Nikampeleka Bunda.

Tabibu wa meno aliyatikisa kwa kidole. "Haya hayafai tena, mzee. Tuyatoe."

Baba akanigeukia. "Unasemaje, mama?" Aliniitaga hivyo tangu utoto, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake.

"Yatoke tu, Baba, upumzike."

Yalitoka meupe, mazima, bila tundu hata moja. Niliyaona kwenye kisahani, nikashangaa, wala sikuuliza.

Kidonda kilipopona, alisimama langoni kama kawaida. Ikatoka pumzi tupu. Akajaribu kwa vidole, akajaribu kugeuza ulimi. Ng'ombe waliendelea kula. Mama akatoka jikoni akagonga sufuria, nao wakaja polepole kwa kelele ile. Baba aliingia ndani.

Miaka baadaye, nikiwa na duka langu la vitenge na nyumba Kitaji, hapo Musoma, meno yangu nayo yakalegea. Nikapewa rufaa kwenda Mwanza. Daktari, mama wa makamo, akanionyesha picha ya taya langu.

"Jino ni zima. Kinacholiwa ni mfupa unaolishika."

"Kwa hiyo mnang'oa?"

"Hapana. Tunafungua fizi, tunasafisha mizizi, tunaweka unga wa mfupa, tunafunika kwa utando, tunashona. Mfupa unaweza kuota tena. Si kwa kila mtu, lakini wako bado unaweza."

Nikiwa nimelala kwenye kiti cha daktari, mdomo una ganzi, niliyakumbuka yale meno ya Baba kwenye kisahani, machozi yakanitoka. Nesi alidhani naumia.

Fizi ziliposhikana nilikwenda Mugeta. Baba akaniambia nifungue mdomo, akaligusa jino.

"Limekaza kweli. Na yale yangu?"

Ningeweza kusema yake yalishapita hatua ya kutibika. Lakini sikujua, wala hakuna aliyeyapiga picha.

"Labda mawili yangebaki, Baba. Sijui."

"Hatukujuaga," Baba alisema. Halafu akaongeza, "Shangazi yako wa Nyasura anatema damu akipiga mswaki. Mpeleke yeye."

Nikampeleka shangazi Mwanza. Jino moja lilikuwa limechelewa kutibiwa, likang'olewa. Mengine yakashonewa fizi. Nilipompigia Baba kumweleza, aliniuliza habari za dada yake tu, akashukuru, akakata simu.