Silvana na Samaki wa Wakwe

Mgeni akimwona Silvana mara ya kwanza, hugundua pua yake. Kabla hajaketi kula, Silvana huinama juu ya chungu, akanusa, kisha akauliza, "Humu mmetia binzari?" Wanawake wa kwao Izia wamezoea. Zamani walimcheka.

Kwa miaka mingi Silvana aliwalaumu samaki. Kila alipokula migebuka waliokaangwa, wanaopandishwa kutoka Kasanga kando ya ziwa, midomo ilivimba na mwili ukamwasha. Watu wakasema ni mwiko wa ukoo. Naye akaushika mwiko ambao hata bibi yake hakuujua, akaacha samaki.

Ndipo Zita, binti yake wa pekee, akachumbiwa na Gaudensi, mvuvi wa Kasanga. Mama yake Gaudensi akatuma salamu: "Mkwe asiyekula samaki wetu, kwetu atakula nini? Upepo?" Silvana aliingiwa na hofu. Kukataa chakula cha wakwe ni kukataa undugu wao, na atakayeishi na uchungu huo ni Zita.

Siku moja, baada ya palizi katika shamba la ujamaa, wapishi waliwaandalia maharage. Samaki hakuwapo hata mmoja, lakini midomo ya Silvana ikavimba vilevile.

"Haa, Mama Zita! Leo na maharage ni mwiko wa ukoo?" jirani yake Hilaria alimtania, na wote wakaangua kicheko.

Silvana hakucheka. "Mmetia nini humu?"

"Chumvi, vitunguu, na binzari kidogo ya dukani."

"Na wale wa Kasanga, samaki wao huwapaka nini kabla ya kuwakaanga?"

Hilaria aliweka upawa chini. "Binzari, mwenzangu."

Mwingine angekimbilia kula. Silvana alichemsha mgebuka mbichi kwa chumvi tupu, akambeba hadi zahanati, akaonja kipande mbele ya tabibu. Wakangoja. Hakuvimba, wala hakuwashwa. Akamaliza samaki mzima, akafyonza na miiba. Tabibu akamsifu, akamwonya aiache binzari kabisa na aulize kila chungu.

Naye akawatumia wakwe jibu: "Samaki wenu nitamla mpaka mkia. Ila wangu asipakwe binzari, wala asikaangwe katika mafuta ya wenzake."

"Mwambieni aje na njaa," akajibu mama yake Gaudensi.

Ulezi umeanza kukomaa, na harusi ni baada ya mavuno. Kila lori la samaki linapopanda kutoka ziwani, Silvana husimama barabarani kumuuliza dereva kama wakwe wametaja siku.