Tulipokwenda Kukagua Uwanja wa Kriketi Ifakara

Watu wa hapa Morogoro huniuliza kwa nini niliacha kamati za michezo wakati bado nilikuwa na nguvu zangu. Huwa nawajibu kwamba mgongo unanisumbua. Mgongo wangu hauna neno. Sababu ni safari moja ya siku tatu kwenda Ifakara, katikati ya miaka ya tisini, na nitaisimulia hapa mara moja ili nisiulizwe tena.

Timu ya kriketi kutoka Zambia ilikuwa inakuja kucheza na yetu, na mechi moja ilikuwa bado haijapewa uwanja. Viwanja viwili viliiomba. Kimoja kilikuwa Dar es Salaam, cha klabu yenye ukumbi na majukwaa yaliyoezekwa. Kingine kilikuwa Ifakara, na nusu ya kamati yetu ya kriketi haikuamini kama kipo. Kanuni ilitaka kila uwanja ulioomba ukaguliwe na wajumbe wawili, nao waandike taarifa na kuweka sahihi. Kwa Ifakara tukateuliwa katibu wa kamati na mimi. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mwamuzi wa kriketi, na nilijulikana kwa jambo moja tu, kwamba sipindishi. Niliposoma jina langu kwenye barua ya uteuzi kichwa kilinivimba, sitaficha.

Ombi la Ifakara lilikuwa limeandikwa na Gaspari, mwalimu mwenzangu tuliyesoma naye chuoni. Aliwafundisha vijana wa huko mchezo huu kwa magongo aliyoachiwa na mwenye mashine ya kukoboa mpunga alipohamia Dar. Serikali ya kijiji iliwapa eneo la mwinuko, lisilofikiwa na maji ya mafuriko, lakini kwa sharti. Wakipata mechi ya kimataifa, uwanja utabaki uwanja. Wakikosa, msimu wa kilimo ukianza eneo litagawiwa watu walime. Gaspari alikuwa ameniandikia kuniuliza namna ya kuitunza pichi, ile njia nyembamba ya katikati ambako mpira hurushwa na kudunda. Nilimjibu kwamba wakishamaliza kuitengeneza wasiruhusu mtu kuikanyaga. Nilikuwa nafikiria mbuzi na baiskeli.

Jumatatu asubuhi katibu alinipitia na Land Rover akitokea Dar. Alikuwa mtu mcheshi, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, na aliendesha mwenyewe. Kuanzia Mikumi barabara ilikuwa ya vumbi na mashimo, nami nikatoa daftari nikawa naandika: daraja hili jembamba, hapa basi litapita polepole.

"Unaandika nini, Mwalimu?" akauliza.

"Hali ya barabara. Wageni watapita hapa."

Akacheka, akaongeza sauti ya redio. Nilidhani amecheka kitu kilichosemwa redioni.

Saa saba mchana tulikuwa Kidatu, kwenye miwa iliyofunga macho pande zote mbili, nyuma ya trekta lililokokota matela na lisilotaka kutupisha. Tulipofika Mkula tulisimama kununua ndizi. Mama aliyekuwa akiuza aliinama akachungulia ndani ya gari.

"Nyie ndio wa mpira wa Ifakara?"

"Ndio sisi, mama."

"Haya, fanyeni haraka. Wenzenu wanawangoja tangu jana."

Alituongezea ndizi mbili ambazo hatukuomba. Katibu alizila njiani, zote mbili.

Tuliingia Ifakara jua likiwa limeanza kupoa. Gaspari alitupokea kwake pamoja na Mama Redemta, kiongozi wa kikundi cha akina mama wa parokia, ambacho ndicho kilichoitengeneza ile pichi. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye viganja vigumu, wazazi wake walihamia kutoka upande wa Mahenge. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku akitutazama viatu. Tulipakuliwa wali mpya na kambale wa mchuzi. Kila tulipomaliza tuliongezewa.

Jumanne asubuhi tulikwenda uwanjani. Nimeamua mechi kwenye viwanja vingi, na pichi kama ile sijaiona tena. Hawakuwa na roli la kushindilia wala udongo wa kuagiza. Walifanya kwa namna wanavyosakafia nyumba. Walivunja vichuguu, wakatwanga udongo, wakauchekecha, wakauloweka kwa maji ya kubeba kichwani kutoka Mto Lumemo, wakaushindilia kwa miguu wakiimba, kisha wakausugua kwa mawe laini ya mtoni hadi ukang'aa. Mwisho wakapitisha pipa lililojazwa mchanga, siku baada ya siku. Hayo yote yalikuwa wakati wa mavuno, wakitoka shambani mchana wanakuja hapo. Nilivua viatu nikapita juu yake. Ilikuwa sawa kabisa, na ngumu kuliko sakafu ya darasa langu.

Katibu hakuvua viatu, kwa hiyo alibaki pembeni.

"Nzuri," akasema. "Sasa nirushieni mpira nione unavyodunda."

Vijana wakamtazama Gaspari, Gaspari akamtazama Mama Redemta.

"Baba, hapo haujarushwa mpira hata mmoja," mama akasema. "Tumewawekea Wazambia. Mgeni hapakuliwi kwenye sahani ambayo mwenye nyumba ameshailia."

"Hata kujaribu?"

"Sisi tunajaribia kule pembeni. Hapa atarusha mgeni kwanza, siku yenyewe."

Nilipaswa kuzungumza. Ilikuwa rahisi kumwambia mama kwamba kriketi haiko hivyo, kwamba pichi hupimwa kwa kuchezewa, na kwamba niliposema isikanyagwe sikuwa na maana ya kumzuia mkaguzi. Ningechukua mpira nikarusha mara sita, kazi ya dakika mbili. Lakini nilizitazama zile sura, nikaona haya kuwa mtu wa kwanza kuichafua sahani yao. Nikajiambia kwamba katibu naye ni mtu mzima, ameelewa.

Na kweli alionekana ameelewa. "Basi mama, msihangaike," akasema kwa upole. "Desturi nzuri sana hiyo." Akaandika maneno machache kwenye daftari lake, akalifunga. Wale akina mama wakapiga vigelegele. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi, kwamba walivipiga wakati anaandika.

Jumatano tuliondoka mapema. Gaspari alitusindikiza hadi njia kuu na kuniuliza taratibu, "Tutegemee?" Nikamwambia ategemee.

Mchana tulipumzika Mikumi kwa chai. Katibu akatoa taarifa ambayo alikuwa ameshaiandika kwa mkono, nusu ukurasa, akanisogezea pamoja na kalamu. Iliandikwa kwamba uwanja wa Ifakara una eneo la kutosha na wenyeji wakarimu, ila pichi haijawahi kuchezewa na haikuweza kujaribiwa, hivyo haufai kwa mechi ya kimataifa.

Nikasema nitaongeza maoni yangu, nikafungua jalada lake kutafuta karatasi tupu. Juu kabisa kulikuwa na bango lililokunjwa. Nikalikunjua. Lilikuwa la mechi ile ile, lenye tarehe, saa na jina la uwanja wa Dar es Salaam, limeshachapishwa kwa rangi mbili.

"Hili limechapishwa lini?" nikauliza.

Hakubabaika hata kidogo. "Wiki mbili zilizopita. Mwalimu, hivi ulidhani mechi hupangwa kwa kuangalia udongo? Wageni wanataka hoteli. Watangazaji wanataka umeme. Wenye klabu wanataka wageni wao wa heshima wakae kivulini. Hayo yalizungumzwa zamani na kukubaliwa."

"Sasa sisi tulikwenda kufanya nini?"

"Kukagua. Kanuni inataka hivyo." Akakoroga chai yake. "Soma tena hiyo karatasi. Nionyeshe neno la uongo."

Nikaisoma. Halikuwemo hata moja. Kisha akaongeza, kana kwamba amelikumbuka hapo hapo, kwamba kamati ilikuwa inanifikiria niwe mwamuzi wa siku hiyo.

Ningependa kuandika kwamba tulibishana hadi jioni. Nilimaliza chai yangu nikaweka sahihi.

Mechi ilichezwa Dar. Nilisimama katikati nikiwa na koti jeupe, na majukwaa yale yaliyoezekwa hayakujaa hata nusu. Wageni wa heshima waliondoka baada ya chakula cha mchana. Nilirudi Morogoro na koti lile, nikajiuzulu wiki iliyofuata, nikasingizia mgongo.

Mvua za kwanza zilipokaribia nikapata barua ya Gaspari. Haikuwa na neno la lawama. Alisema kwamba Jumamosi moja kabla ya eneo kugawiwa waliamua kuichezea pichi yao, na Mama Redemta aliomba arushe mpira wa kwanza, akaurusha, ukadunda sawasawa. Walicheza mpaka jua likazama. Jumatatu yake yakaletwa majembe ya kukokotwa na ng'ombe. Pale kwenye pichi yaligoma, ikabidi ivunjwe kwa sururu, na walioivunja walikuwa ni walewale walioitengeneza, maana ndio waliojua imeshindiliwa hadi wapi.

Mwishoni aliniuliza jambo moja. "Wewe ulikuwepo kwenye ukaguzi. Tulikosea wapi, ili siku nyingine tusirudie?"

Jibu ninalo, ndilo nililojifunza katika safari ile. Hawakukosea popote. Mechi ilipangwa kwanza, ukaguzi ukafuata, na katikati yake alitafutwa mtu mmoja anayeaminika, aweke sahihi. Nimeianza barua ya kumjibu mara nyingi. Kila nikifika mahali pa kumwambia Gaspari mtu huyo alikuwa nani, naikunja na kuiweka kando.