Unga wa Sega

Mke wangu alitwanga sega kwa miaka minne, na mchi nilimpa mimi.

Si sega la nyuki. Nina gereji ndogo ya ekzosi kando ya Ngong Road, upande wa Woodley. Ndani ya ekzosi, bomba la moshi la gari, kuna sanduku la chuma, na ndani ya sanduku kuna jiwe jepesi lenye vitundu vidogo vidogo. Mafundi tunaliita sega. Limepakwa platini, na platini ni madini ya bei kubwa, si mchezo. Likiziba, mwenye gari huniambia nilitoe nimwekee bomba tupu ili gari lipate nguvu, kisha anaondoka akinishukuru kwa kumtolea taka. Wengi hawakujua wanachoacha, nami sikuwaambia. Sijifanyi mtakatifu.

Masanduku niliwauzia watu wa vyuma chakavu, kwa sababu niliona chuma ni chuma. Sega nililibeba hadi nyumbani Dagoretti kwenye mfuko wa saruji. Mimi ni mtu wa ugali. Tangu utotoni najua mahindi yana bei yake na unga wa gredi ya kwanza una bei yake, basi nikaona ni ujinga kuuza sega likiwa zima. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Ni kichwa changu mwenyewe, na ni kigumu.

Mke wangu akatoa kinu alichopewa na mama yake alipoolewa. Kila Jumamosi akimaliza kufua aliketi jikoni, akafunga mlango na dirisha upepo usije ukapeperusha mali, akatwanga, kisha akachekecha kwa chekeche ya unga wa chapati. Alitwanga akiimba. Alikuwa akiongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisa letu, na jirani yetu alikuwa akizima redio amsikilize. Vumbi lilimkaa kichwani na kwenye kope. Nilimtania, "Mama watoto, wewe sasa ndiwe benki yangu, usioge." Alicheka mpaka akakohoa. Nakichukia kicheko kile kila nikikikumbuka.

Kwanza aliacha kuimba akitwanga. Baadaye kwaya ikampa kiti, wenzake wakisimama yeye ameketi, na mwishowe akawa anachezesha midomo tu. Daktari alituambia mapafu yamekakamaa kwa vumbi na hayatarudi yalivyokuwa. Akamuuliza anafanya kazi gani.

"Mimi ni mama wa nyumbani tu," alijibu.

Nilikuwa nimeketi kando yake. Nikaitikia kwa kichwa.

Daktari alisema tutafute mashine ya kumpa hewa pale nyumbani, la sivyo atazidi kuishiwa pumzi. Nilipotoka nje nilikuwa nimekata tamaa, lakini yeye alinishika mkono. "Usijali," akasema. "Si tuna unga?"

Basi Jumatatu nikaupeleka unga River Road, mifuko miwili tuliyoweka akiba miaka yote ile, kwenye chumba kilicho juu ya duka la mabomba. Mnunuzi alikuwa mama wa makamo aliyefunga leso kichwani. Alifungua mfuko wa kwanza, akachota kidogo kwa kijiko, akanitazama.

"Mzee, hii ni nini?"

"Ni sega. Nimelisaga."

"Nani alikuambia usage? Sisi tunanunua ikiwa mzima, ndani ya chuma yake. Hiyo chuma iko na namba, ndio inatuambia ni ya gari gani. Hii vumbi nitajuaje ni nini? Watu wanachanganyanga na matofali."

Nikamsihi aipime tu. Nikamwambia mimi ni fundi, simchezei mtu.

"Nakuamini, mzee. Lakini wenye wananunua kwangu hawatakuamini. Siwezi." Akafunga mfuko vizuri, akaufuta juu kwa kitambaa. "Na usisage tena. Sisi wenyewe hatusagi bila mask. Hiyo kitu inaharibu kifua."

Aliyasema kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza. Angekuwa tapeli ningegombana naye, na kugombana naweza. Nilishuka ngazi na mifuko yangu nikiwa nimejaa hasira isiyokuwa na wa kumwangukia ila mimi.

Mifuko niliiacha gereji, nyuma ya mitungi ya gesi. Nilipofika nyumbani nilimkuta ameketi kitandani, ameegemea mito mitatu, kwa sababu siku hizi hawezi kulala chali. Kinu alikuwa amekiosha na kukianika dirishani.

"Wamesemaje, baba watoto?" akauliza. "Ulikuwa laini?"

Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kumwambia ukweli.

"Laini kabisa," nikasema. "Hawajawahi kuona unga laini kama ule."

Akatabasamu. Akavuta pumzi mara mbili, tatu, akitafuta ya kutosha kwa maneno yaliyobaki.

"Sasa mashine inakuja lini?"