Maji Yaliyonitoka Juu ya Biblia ya Mchungaji

Ilianza Jumapili, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, na naandika yote hata kama ni aibu, kwa sababu mjinga wa hii hadithi ni mimi.

Nilikuwa nimepasuliwa sainasi, yale matundu ya ndani ya pua, wiki tatu nyuma, na daktari aliniambia kila asubuhi nioshe pua na maji ya kuchemsha yaliyopoa, chumvi nusu kijiko, halafu niiname mpaka yote yatoke. Lakini siku hiyo ndiyo nilikuwa nasoma Zaburi kanisani, mara yangu ya kwanza kusimama mbele ya watu (mimi ambaye darasani hujibu swali nikiangalia dawati), na Mwende wa kwaya alikuwa ameshaambia vijana kwamba nitaogopa na yeye ndiye atasoma. Nikaona nikiwasha moto nitachelewa. Basi mimi mwenye akili nyingi nikawaza, hapa Mutomo maji ya kisima, yale tunayonyweshea ng'ombe, yana chumvi mpaka sufuria zimeota utando mweupe, ya kuongeza ni ya nini? Nikajaza chupa kutoka kwa mtungi, nikamimina puani, ikawasha kama pilipili, nikajifuta nikakimbia bila kuinama.

Mstari wa kwanza nilisoma vizuri. Wa pili ulikuwa chini ya ukurasa, nikainamisha kichwa, na pua ikafunguka kama mfereji, maji yakamwagikia Biblia kubwa ya mchungaji, na mimi naendelea tu kusoma, eti nikinyamaza ndio watagundua. Wamama wa mbele wakaanza kusema amina, wakidhani Roho ameniliza, mmoja hata akaniletea leso. Mwende akaja kando yangu kuninong'oneza.

"Wacha kudanganya watu wa Mungu. Hiyo ni pua."

Maikrofoni ilikuwa wazi. Kanisa lote likacheka, mchungaji pia, na Mwende akamaliza Zaburi yangu.

Nyumbani mama aliuliza kitu kimoja tu: "Mwiitu, binti yangu, maji ya ng'ombe unaweka kwa kichwa?"

Jumatatu asubuhi nilichemsha maji, nikayangoja yapoe, nikapima chumvi, nikaosha, nikainama mpaka tone la mwisho. Halafu nikapitia kwa mchungaji kuomba nisome tena Jumapili ijayo. Biblia ilikuwa imeanikwa dirishani, imevimba pale katikati. Mke wake akatoka, akaniuliza nataka nini, nikasema maji ya kunywa. Akaniletea kikombe, nikanywa yote, nikasema asante, nikaenda shule.