Mbuzi wa Sikukuu ya Kanisa

Mwanangu, siku ile naikumbuka kwa harufu ya pilau. Ilikuwa sikukuu ya kila mwaka ya kutabarukiwa kwa kanisa letu, hapa nje kidogo ya mji wa Mkoani, na mimi nilikuwa kijana wa kujiona, nimepewa usimamizi wa jiko.

Sisi Wakristo ni wachache hapa, majirani zetu Waislamu, na siku hiyo hula nasi. Kwa hiyo tangu kanisa lijengwe, mbuzi wetu huchinjwa na Mwislamu. Enzi hizo mchinjaji alikuwa Mzee Faki, jirani wa ua kwa ua. Asubuhi ile alichelewa. Kumbe alikuwa amempeleka mkewe hospitali. Mimi sikuuliza. Niliona jua linapanda, nikashika kisu, nikawachinja mwenyewe mbuzi wote wawili. Tena nikajisifu kwamba nimeokoa shughuli. Ujinga mtupu!

Misa ikaisha, majirani wakaja na kanzu zao na watoto wao, wakakaa mikekani. Tulipokuwa tunapakua, Bi Agnesi, mzee wetu wa kanisa, akaniuliza, "Faki kaja saa ngapi?"

Nikamwambia ukweli, kisha nikaongeza, kwa sauti ndogo, kwamba hakuna aliyeona. Nikilitaja hili hata leo uso unaniwaka.

Hakunipigia kelele. Aliweka mkono kwenye ukuta wa kanisa. "Chokaa hii kaichoma babake Faki na wenziwe. Mawe waliyabeba vichwani kutoka pwani, na hakuna hata mmoja wao aliyeingia humu kusali. Nawe wataka kuwalisha wasichokila? Nenda kaseme weye. Mie sikusemei."

Nilikwenda. Mzee Faki ndiyo kwanza alikuwa amefika, ananawa mikono. Nikasema mbele ya wote kwamba nyama ile niliichinja mimi, wasiile, na kwamba nilitaka kunyamaza.

Mzee Faki akajifuta mikono kwenye kanzu.

"Muhogo mnao?"

"Upo, mzee."

"Basi lete. Njaa n'nayo, na sikuja hapa kwa ajili ya mbuzi."

Hakuna aliyeondoka. Nasi pilau hatukuigusa. Tulikula muhogo pamoja nao, sinia kwa sinia.

Siku hizi wenzetu wengi wamehama, wengine tumewazika, na Jumapili tunajaza mabenchi matatu tu. Nazitamani siku zile, sikufichi. Lakini masika yaliyopita paa lilipovuja, wajukuu wa Mzee Faki ndio waliopanda juu na mabati.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Ukimkosea mtu anayekuamini, mwambie kabla hajatia tonge kinywani. Akishameza, kusema kwako hakumfai kitu. Na ukisimulia habari za kanisa hili, wataje na wale waliolijenga bila kusali ndani yake. Mungu akujaalie majirani kama hao, na akupe ulimi wa kuwaambia kweli.