Rajabu na Wenzake

Aibu hii naisema mwenyewe kabla hamjaisikia kwa shemeji zangu, maana wao wakiisimulia wanaongeza chumvi na mimi nabaki mjinga, wakati nikiisimulia mwenyewe angalau nabaki mjinga mwenye sababu. Kwa kifupi: niliandika makala ya kitaalamu, peke yangu, mwaka mzima, halafu mbele ya ukumbi uliojaa watu pale Kigobe ikathibitishwa, na mimi nikakubali kwa mdomo wangu huu, kwamba kazi niliyoifanya ilikuwa kushika simu.

Naitwa Issa, mtoto wa Buyenzi, ingawa siku hizi tunakaa Gasenyi kwa sababu ya kodi ya nyumba (na vumbi la Gasenyi mnalijua). Nafanya kazi kwenye kituo kidogo cha utafiti wa Kiswahili, kwa mkataba wa kuongezwa-ongezwa, ule ambao ukikaribia kwisha unaanza kumsalimia mkurugenzi kwa sauti laini kuliko kawaida. Utafiti wangu ulihusu namna watu wanavyopatana bei ya vitenge: nani anaanza kutaja bei, nani anacheka, nani ananyamaza, Kirundi kinaingia wakati gani na Kifaransa wakati gani (Kifaransa kinaingia pale mteja anapotaka aonekane hana shida). Sasa, ili urekodi watu wakipatana bei unahitaji duka, na duka nililipata kwa baba mkwe wangu, Mzee Rajabu, anayeuza vitenge tangu mke wangu Zuwena hajazaliwa, na ambaye akikupeleka kwa wauzaji wenzake hakuna anayekuuliza umetumwa na nani. Basi mimi nakaa madukani na simu yangu, narekodi, jioni nasikiliza, naandika, nafuta, naandika tena.

Siku makala ilipokwisha nikapita dukani kumwambia. Akafurahi, akauliza swali moja tu: "Na jina langu litakuwa humo?"

Nikamwambia litakuwemo, Baba. Nilimaanisha kwenye shukrani, kule mwisho ambako mtu anashukuru wazazi na Mwenyezi Mungu na waliompa umeme. Lakini yeye alikuwa ameshamgeukia jirani yake wa duka la viatu. "Umesikia? Mukwe wangu ameniandika mu kitabu. Mi na yeye, tumeandika."

Haya, niambieni ningemtoaje hapo.

Nikarudi kwenye kompyuta kupanga majina ya waandishi, na hapo ndipo nilipofanya uamuzi ule mdogo, ambao kwa wakati ule wala haukuonekana kama uamuzi. Kwetu mkwe hakai kabla baba mkwe hajakaa, hanawi kabla yake, na hata kwenye kadi ya harusi majina ya wazee yanatangulia majina ya wanaooana, na sijaona mtu aliyesoma kadi akadhani wazee ndio wanaooana. Kuandika jina langu juu ya jina la Mzee Rajabu, mkono wenyewe ulikataa. Nikamweka yeye wa kwanza. Wa pili nikamweka mkurugenzi wa kituo, kwa sababu jina lake linawekwa kwenye kila kinachotoka pale, mpaka tangazo la choo. Mimi nikajiweka wa tatu, mwisho, kama mwenye nyumba anayekula baada ya wageni, nikijua kila mwenye akili ataelewa aliyepika ni nani.

Zuwena alisoma ule ukurasa begani kwangu. "Baba Sumaya, we ndo umeandika. Mbona uko nyuma?"

"Nyuma ndiko kwenye heshima," nikamwambia.

"Sawa," akasema, na nyinyi mliooa mnaijua hiyo sawa.

Jarida likaipeleka makala kwa wasomaji wawili wa siri, kama kawaida yao, wakague. Mmoja akasifu. Mwingine akasema sehemu yangu ya kunyamaza (ile ninayosema kwamba mnunuzi akinyamaza amekwisha kutaja bei yake) haina ushahidi wa kutosha. Mimi nina hasira za karibu, na sehemu ile ndiyo niliyoipenda kuliko zote, basi nikajibu barua ndefu yenye adabu, nikaiharibu kwa sentensi moja: kwamba asiyesikia bei ndani ya kunyamaza, huyo hajawahi kununua kitenge kwa pesa yake mwenyewe. Jarida wakasema majibu lazima yatiwe jina la mwandishi wa kwanza. Nikampigia Mzee simu: Baba, kuna barua, naweka jina lako chini yake. Akasema, "Weka mwanangu, jina si chumvi, haliishi."

Makala ikatoka. Na wenzetu walioitaja kwenye kazi zao wakaandika kama desturi yao ilivyo pale waandishi wanapozidi wawili, yaani jina la kwanza tu na wengine kwenye kapu: Rajabu na wenzake. Rajabu na wenzake wameonyesha hiki, Rajabu na wenzake wanasisitiza kile. Mimi ndiye wenzake. Tena wenzake nusu, nusu nyingine ni mkurugenzi.

Ningeweza kuishi hivyo, lakini kituo kikatangaza nafasi moja ya kazi ya kudumu. Moja, na waombaji tulikuwa wawili, mimi na kijana mmoja wa Gihosha mwenye makala fupi fupi zote zenye jina lake mbele (wakati ule nilimwona hana adabu). Mtoto wetu Sumaya anaanza shule, mkataba wangu unakaribia mwisho, na tume ya kuchagua ikabandika sharti lake ukutani: makala inahesabiwa kuwa ya mwandishi wa kwanza, ila kama yeye mwenyewe atasimama mbele ya tume, kwenye siku ya wazi ya kituo, aseme nani alifanya nini. Maana yake nafasi yangu ilikuwa mdomoni mwa Mzee Rajabu. Ilitakiwa sentensi moja tu, ameandika Issa.

Sasa hiyo sentensi unamwombaje baba mkwe? Baba, lile jambo ulilowaambia watu wote wa Buyenzi, na msikitini, na kwa muuza viatu, njoo ulikanushe ukumbini. Nikamwomba Zuwena amwambie. Akasema mwenye makala ni mimi. Nikaenda dukani mwenyewe, nikanywa chai ya tangawizi, nikazungumzia mvua, nikazungumzia esansi ya magari kukosekana mjini, nikanywa chai nyingine, na nilichoweza kutoa kilikuwa hiki: "Baba, kesho watakuuliza kuhusu kazi yetu. We useme tu vile ilivyokuwa."

"Usijali," akasema.

Kesho yake shughuli inaanza Mzee hajafika. Esansi hakuna, na mimi nimekaa mstari wa mbele nageuza shingo kila mlango unapolia. Ukutani wametundika kitambaa cha kutangaza makala ya kituo iliyotajwa na wengi kuliko zote, kwa herufi kubwa, RAJABU NA WENZAKE. Shughuli imeshaanza, tena kwa Kiswahili kitupu kwa kuwa kituo ni cha Kiswahili, jambo lililowapunguzia maneno wasomi wengi, ndipo Probox ya shemeji ikaingia uani, na ndani yake Mzee Rajabu, kanzu nyeupe, koti juu, mama mkwe, Zuwena, na shemeji zangu wawili ambao kitu cha kwanza walichofanya ni kukipiga picha kile kitambaa. Nikanyanyuka nimfuate nimnong'oneze japo maneno mawili, lakini mtu wa protokoli alikuwa ameshamshika mkono anampeleka mbele, kwenye kiti chenye kitambaa.

Mwenyekiti wa tume alikuwa Daktari Godelieve, mama mtu mzima, mwenye sauti ya chini ambayo haipandi wala haishuki. Akamkaribisha Mzee vizuri. Kisha akasema, "Kabla ya mengine. Wale wasomaji wawili wa siri wa makala hii, mmoja nilikuwa mimi."

Akavaa miwani, akasoma sentensi yangu. Yote, mpaka kwenye pesa yake mwenyewe. Akavua miwani.

"Nataka kujua," akasema, "haya maneno aliyaandika nani."

Jasho likanianza kwenye masikio (sikuwa najua masikio yanatoka jasho). Mzee akamtazama yule mama, akanitazama mimi. Nami nikamtikisia kichwa, nikiwa na maana ya: sema, Baba, nitaje, liwalo na liwe. Akanitazama tena, kwa utulivu ule wa mtu anayepima kitambaa kwa macho, halafu akasimama.

"Ni mi," akasema. "Mi ndo niliandika."

"Barua hii?"

"Barua, na kitabu chote. Kama kuna neno baya humo ndani ni langu, linatoka kwangu."

Daktari Godelieve akaandika kitu. "Na huyu Bwana Issa, mwandishi wa tatu, yeye alifanya nini?"

"Huyu? Apana, huyu muache. Huyu ni mutoto mzuri, hana kosa. Yeye alikuwa anashika simu tu."

Watu wakacheka, si kwa ubaya, wakacheka vile watu wanavyochekea mzee anayempenda mkwewe. Kijana wa Gihosha hakucheka, na hapo nikaona kwamba adabu anayo. Daktari akanigeukia mimi. "Bwana Issa, ndivyo ilivyokuwa?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu. Nilichotakiwa kusema nilikijua. Lakini mstari wa pili yuko mama mkwe amevaa kile kitenge anachovaa Idi, shemeji amenyoosha simu anarekodi, na Mzee bado amesimama, mkono juu ya meza. Nikatafuta namna ya heshima ya kusema baba mkwe wangu amesema uongo. Nikaitafuta kwa Kiswahili, nikaitafuta kwa Kirundi, nikapita hata kwenye Kifaransa kilichokatazwa. Haipo.

"Ndivyo," nikasema. "Nilishika simu."

Baada ya hapo watu walikwenda kunywa Fanta. Kwenye korido Daktari Godelieve akampa Mzee mkono, nami niko nyuma yao nimebeba mkoba wa mama mkwe, akamwambia kwamba ile sentensi ilimkera wiki nzima, mpaka akaenda sokoni mwenyewe kununua kitenge, akanyamaza, na muuzaji akashusha bei. "Tangu siku ile nataka kumshukuru aliyeiandika. Mtu wa namna hiyo ndiye tunayemtafuta kwenye kituo hiki." Akaona mzee wa watu ana duka lake na umri wake, akasikitika kidogo, akaenda zake.

Kwenye Probox tulikaa tumebanana, na Mzee, kiti cha mbele, akaongea mwenyewe bila kugeuka. "Nilikuona unatoka jasho. Na yule mama sauti yake ilikuwa ya baridi, ile sauti mi naijua, ni ya mutu anatafuta nani amufukuze. Mi atanifukuza wapi? Mi nina duka. We una mutoto."

Zuwena, ambaye alijua kila kitu, akageuza uso dirishani, mabega yanamtikisika, na mpaka leo amekataa kuniambia kama alikuwa anacheka au analia.

"Asante, Baba," nikasema. Na nilimaanisha kabisa, ndicho kinachoniuma.

Nafasi akapewa kijana wa Gihosha. Mimi mkataba wangu waliuongeza, kwa cheo kipya, msaidizi wa kurekodi. Mkurugenzi akaniambia nishukuru, maana bila ushahidi wa Mzee hata kurekodi wasingekuwa na hakika nako. Ningeweza kwenda kwa Daktari Godelieve faragha nikamweleza, nimefika mpaka mlangoni kwake, lakini kueleza kwangu kunaanza na maneno "baba mkwe wangu hakusema kweli", na nikifika hapo nageuka.

Basi nimeapa, na nyinyi ni mashahidi: kitu nitakachoandika mimi, jina litakalotangulia ni langu, mkono ukatae usikatae, na wazee wangu nitawaheshimu kwa sukari na mchele. Makala mpya imekaribia kwisha. Juzi nikaenda dukani, safari hii nikalisema kabla hata ya chai, kwamba Baba, humu jina lako halitakuwemo.

Hakukasirika. Alikuwa anakunja kitenge, akakimaliza kukikunja, akakiweka juu ya vingine. "Na hii ina hatari kama ile?" akauliza.

"Apana, Baba. Haina."

"Sawa," akasema. "Lakini ukiona hatari, uniweke."